Nilivyomkimbiza Mama Mkwe Nikitafuta Jiwe la Lango

Nyinyi mnaonicheka kila tukipita pale kivukoni, leo nitawaambia jambo lote kutoka mdomoni mwangu mwenyewe, kwa sababu nimechoka kulisikia likisimuliwa vibaya, mara ati nilimkimbiza na panga, mara ati nilikuwa nimelewa busaa, mara ati nilimshika mguu. Panga sikuwa nalo. Busaa sikuwa nimeonja tangu Jumapili. Na haukuwa mguu, ulikuwa mkono (na mkono, kwa desturi yetu, ndio mbaya zaidi). Lakini kumkimbiza, nilimkimbiza. Mama aliyemzaa mke wangu, nilimkimbiza mchana jua likiwaka, tukapita shamba la viazi, tukashuka mpaka mtoni, yeye mbele mimi nyuma, huku nikipaza sauti ati simama mama, sina ubaya! Haya, nimesema. Sasa kaeni msikie ilivyokuwa.

Miaka ile vita vya Hitler vilikuwa vimeisha juzi juzi tu, na mimi nilikuwa karani kwenye shamba la mzungu mmoja karibu na Kitale, upande wa kwenda Suam, shamba la mahindi na ng'ombe wa maziwa. Jina lake la kwao lilitushinda, sisi tulimwita Bwana Zamani, kwa sababu akikutana na mtu yeyote, awe mchungaji wa mbuzi au mama amebeba kuni, swali lake lilikuwa lile lile: hapa zamani ilikuwa nini? Mtu ana ng'ombe wanaumwa na kupe, trekta imelala porini, yeye anazunguka na gari akitafuta alama za zamani, mti waliopigilia msumari wazungu wa kwanza waliokuja na mikokoteni ya maksai, kaburi la dereva wa maksai kwenye kona ya barabara, mawe yaliyopangwa mviringo mahali misafara ililala. Akipata alama anasimamisha nguzo ya simiti, anaipaka nyeupe, anapigilia kibati cha maandishi, halafu anarudi nyuma hatua chache na kuitazama huku amefurahi kama mtu amepata mtoto. Na simiti ile nani anabeba? Si sisi.

Sasa mtu fulani akamwambia habari za ngome zetu. Babu zetu Wabukusu hawakutawanyika kwenye mashamba kama sisi. Waliishi kijiji kizima ndani ya ukuta wa udongo, na handaki nje, na lango dogo la kuingia umeinama, adui akiingiza kichwa unakipokea vizuri. Bwana Zamani akaambiwa kwamba karibu na Misikhu ilikuwako ngome moja ya namna hiyo, ukuta umeshaliwa na mvua lakini jiwe la lango bado lipo. Usingizi ukampotea. Asubuhi akaniita verandani.

"Wafula, wewe nakwenda Misikhu. Natafuta jiwe ya mlango ya zamani. Kwanza naona liguru. Liguru naonyesha wewe. Halafu wewe napaka jiwe chokaa, mimi nakuja Jumamosi na gari, naona nyeupe, nasimama."

"Ndiyo, bwana."

"Kwanza liguru, sikia?"

"Nimesikia, bwana."

Na nilisikia kweli. Liguru ni yule mzee wa kijiji anayemtumikia chifu, na amri ya kuanzia kwake ilikuwa na maana, maana mgeni akizunguka mashamba ya watu bila liguru anaitwa mwizi. Lakini mimi niliposikia Misikhu, masikio yakafunga hapo hapo, kwa sababu Misikhu ndiko alikokuwa Nasimiyu.

Nasimiyu nilimwona mara ya kwanza sokoni Kitale, alikuwa amekuja kumtembelea kaka yake aliyefanya kazi reli, akaninyang'anya fungu la vitunguu nililokuwa nimeshalishika mkononi, halafu akanicheka. Nikasema huyu ndiye. Baba yangu mdogo akaenda kwao kuongea, akaenda tena, mazungumzo yakafika pazuri, ng'ombe wakakubaliwa, ikabaki neno la mwisho tu la baba yake (jina lake sitalitaja, adabu hainiruhusu). Na neno lile lilikuwa linachelewa. Lilikuwa linachelewa kwa sababu alitokea mwalimu mmoja wa Kimilili, mtu wa tai na viatu vya kamba, naye akatuma wazee wake. Baba mkwe akawa anatupima, mimi huku, mwalimu kule, na ilikuwa imesemwa wazi kwamba kabla ya mavuno atakuwa ameamua. Nilikuwa silali, bana. Nikifumba macho naona tai.

Mama yake Nasimiyu sikuwa nimemwona hata kidogo. Nyinyi vijana wa sasa mnapitana na mama mkwe mlangoni kama watu wa kawaida, lakini siku zile ilikuwa heshima kali. Mkwe na mama mkwe hawatazamani uso, hawasemezani, hawashikani mkono, wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye majani na kugeuka mpaka mwenzake apite, na hiyo inaanza siku wazee wanapoanza kuongea habari za ng'ombe, haingojei harusi. Nilipoenda kwao na baba mdogo, mama mkwe alikuwa jikoni, sisi sebuleni. Nilichojua kwake kilikuwa ugali wa wimbi, kuku mwenye mchuzi mzito na kikohozi kidogo nyuma ya ukuta. Sikujua kama ni mrefu au mfupi.

Basi nikajiandaa kwa safari. Mtu wa kutafuta mawe angevaa nguo za kazi, lakini mimi nilivaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe, stokingi ndefu mpaka magotini, na ile kofia kubwa ya helmeti ambayo Bwana Zamani alikuwa ameitupa kwa sababu panya walikula kamba yake. Kwenye baisikeli nikafunga mkebe wa chokaa iliyokorogwa tayari, na brashi. Nikalala Kamukuywa kwa binamu yangu, asubuhi nikaendelea, na nilipofika Misikhu jua lilikuwa limeshachangamka na watu wamejaa sokoni. Hapo ndipo njia iligawanyika, ya kushoto inapanda kwa liguru, ya kulia inashuka mtoni ikipita chini ya boma la kina Nasimiyu.

Nikasimama na mguu mmoja chini. Nikajiambia, Wafula, liguru ni mzee, hakimbii popote, lakini Nasimiyu saa hizi anakwenda mtoni kuchota maji, na akikuona na hii helmeti, mwalimu wa Kimilili atajua hajui. Nikakata kulia. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu, mdogo hivyo, wa kugeuza usukani wa baisikeli, na mpaka leo nikipita pale mikono yangu inanivuta kushoto.

Nasimiyu sikumwona. Nikaenda polepole, nikarudi, nikaenda tena nikipiga kengele, hakuna kitu. Ili nisionekane mtu wa kuzurura, nikaona nianze kazi, nikachagua mawe mawili makubwa kando ya njia yaliyokuwa na sura ya uzee, nikayapaka chokaa (nilisema moyoni, hata kama si yenyewe, Bwana Zamani atafurahi kwa sababu mawe yote ni ya zamani). Sikufikiri hata kidogo kwamba kuna watu mashambani wanatazama. Na watu wa kwetu wakiona mtu wa helmeti anapaka mawe chokaa, wanakumbuka Kitale, wanakumbuka jinsi mawe meupe yalivyopandwa kule yakakata malisho na watu wakaambiwa hameni.

Mbele kidogo nikamwona mama mmoja analima viazi vitamu. Boma la kina Nasimiyu lilikuwa juu huko, mbali, na shamba hili lilikuwa bondeni, kwa hiyo haikuniingia akilini kabisa kwamba mtu anaweza kuwa na nyumba juu na shamba la viazi chini. Karani mzima! Nikashuka baisikeli, nikavua helmeti, nikasimama ng'ambo ya matuta.

"Mulembe, mama."

"Mulembe, mwanangu." Akainuka, akaegemea jembe. Mama mnene kidogo, uso mkunjufu, pengo moja mbele.

"Pole na kazi. Natafuta jiwe la zamani, mama, jiwe la lango la ile ngome. Ati liko huku?"

"Jiwe la lango!" Akacheka. "Nani anakumbuka jiwe la lango siku hizi? Nilikuwa nalikalia nikiwa msichana, tukingoja ng'ombe. Si liko... ngoja kwanza. Wewe kijana ni wa wapi, unatafuta mawe ya wazee? Wewe ni mtoto wa nani?"

Hapo, ndugu zangu, mtu mwenye akili angesema mimi ni mtu wa Kitale, kwisha. Mimi nilipandisha kifua. Nikataja jina langu, Wafula, nikataja jina la baba, nikataja la babu, nikataja ukoo, na kwa sababu mdomo ulikuwa umeshashika moto nikaongeza kwamba ni karani, tena mzungu wangu ananiamini kuliko wote, tena karibuni nitaoa hapa hapa Misikhu kwa watu wazuri sana.

Nikaona uso wa yule mama unabadilika nikiwa bado kwenye jina la babu. Nilipofika kwenye karani, jembe lilianguka. Nilipofika kwenye Misikhu, alikuwa ameshavuta leso kutoka kiunoni akajifunika kichwa chote, akageuka akakimbia.

Mimi nilielewa nini? Nilielewa kwamba ameona helmeti, ameona chokaa, amedhani nimekuja kuchukua shamba. Na alikuwa ndiye mtu pekee aliyekuwa karibu kuniambia lile jiwe liko wapi! Nikasema nikimwacha aende hivi atawatia watu hofu, wacha nimfikie nimtulize. Nikarudisha helmeti kichwani, nikashika mkebe wa chokaa (kwa nini nilishika mkebe, msiniulize), nikaruka matuta.

"Mama! Simama! Sina ubaya!"

Alikimbia yule mama! Kichwa kimefunikwa, haoni mbele, lakini alipita kwenye viazi kama mtu anayepita barabarani, mimi nikinaswa na mashina, stokingi moja imeshuka, helmeti inanifunika macho kwa sababu haina kamba. Akachukua bonge la udongo, akalitupa nyuma bila kugeuka, likanipata begani. Nikasema, maskini, ameogopa sana. Nikaongeza mbio ili nimtoe hofu upesi.

Tukafika mtoni, pale kivukoni mnapopajua. Kulikuwa na jiwe kubwa limeingia majini kidogo, akapanda juu yake akakwama, mbele ni maji, nyuma ni mimi. Akasimama amenipa mgongo, leso kichwani, anahema. Kando kulikuwa na ng'ombe amefungwa kamba anakula majani. Sasa sikilizeni jambo hili, kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote. Yule mama akamwambia ng'ombe:

"Wewe ng'ombe! Mwambie huyo mtu arudi alikotoka!"

Nikatazama ng'ombe. Ng'ombe akanitazama.

"Mwambie asinitazame! Mwambie aende kwa wazee!"

Mtoto yeyote wa Kibukusu anajua mwanamke anazungumza hivyo na nani. Mtu usiyeweza kusema naye kwa heshima, unamtumia ng'ombe, unatumia mti, unatumia chungu. Mama yangu mwenyewe alikuwa akimwambia kinu maneno ya mume wa dada yangu. Lakini mimi, karani, msomi, mtu wa helmeti, nilisema, kwa upole kabisa, "Mama, ng'ombe hasikii. Niambie mimi."

Nikasogea. Yeye akasogea mbele zaidi, mguu ukateleza, akaanza kwenda majini. Nikaruka nikamshika mkono. Nikamvuta. Katika kuvuta, ule mkebe ukapinduka, chokaa yote ikanimwagikia kutoka helmeti mpaka viatu, nyingine ikaangukia jiwe. Mama alikuwa salama juu ya jiwe, hata tone moja halikumgusa, na hapo akapiga yowe ambalo nadhani lilisikika Webuye.

"Amenishika! Wooi, mkwe amenishika mkono!"

Neno lile, mkwe, liliingia sikioni likakaa kidogo, halafu likaanza kutembea pole pole kuelekea kichwani. Lilipofika, nikatazama nilichoshika. Nikaachia ule mkono kana kwamba nilishika kaa la moto, nikageuka, nikafunika uso kwa helmeti. Lakini kufunika uso wakati huo kulisaidia nini? Watu walikuwa wameshatokea kila upande na majembe na fimbo.

"Ndiye huyu! Ndiye anayepaka mawe!"

"Anataka kutukata kama walivyokata Kitale!"

"Na mama wa watu anamkimbiza! Mkamateni!"

Nikakamatwa. Sikubisha, nilitaka kukamatwa, nilitaka hata kupelekwa jela ya mbali sana. Badala yake wakanipandisha kilima mpaka kwenye boma nililolijua vizuri, na mtu wa kwanza niliyemwona akipepeta wimbi uani alikuwa Nasimiyu. Nilikuwa nimetaka anione na helmeti, si ndiyo? Akaniona. Ungo ukaanguka, akashika mdomo kwa mikono miwili, na sijui mpaka leo kama alikuwa analia au anacheka (yeye anasema vyote viwili).

Baba mkwe akatoka ndani, akanitazama kutoka juu mpaka chini, mtu mweupe pepepe anadondosha chokaa kwenye uwanja wake uliofagiliwa.

"Huyu mzungu mmemtoa wapi?"

"Baba, ni mimi," nikasema. "Ni Wafula."

"Wafula yupi?" akasema. "Wafula ninayemjua mimi alikuwa na heshima."

Liguru akaitwa, wazee wakaketi, na mimi nikasimamishwa katikati. Nikaeleza yote, Bwana Zamani, jiwe, njia ya kushoto na ya kulia, kila kitu, na kadiri nilivyoeleza ndivyo lilivyozidi kuonekana jambo la mtu mjinga. Liguru, mzee mkavu mwenye koti la zamani la jeshi, akatingisha kichwa. "Bwana wako alikuambia uanzie wapi?" Nikasema kwako, baba. "Na nyumba yangu ilihama?" Nikasema hapana, baba.

Habari ya mawe nayo haikuisha haraka, niliapa kwa kila kitu kwamba si ya kukata shamba. Lakini uzito ulikuwa ule mkono. Baba mkwe alisema pole pole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha, kwamba mtu aliyemshika mama mkwe wake mkono kabla hata ng'ombe hawajafika hajui mlango wa nyumba ya watu uko wapi, na kwamba mwalimu wa Kimilili, tangu amfahamu, hajawahi kumkimbiza mtu yeyote. Wazee wakaguna kukubali. Nikamtazama Nasimiyu, naye safari hii hakuwa anacheka, alikuwa ameinamisha kichwa na machozi yanamdondoka kwenye wimbi. Nikajua imekwisha. Nilisikia uchungu ambao sijui kuusema, kwamba nampoteza mtu ninayempenda kwa sababu ya stokingi.

Ndipo kikasikika kikohozi jikoni.

Shangazi yake Nasimiyu, Nekesa, mwanamke asiyeogopa mtu, alikuwa amekaa kwenye mlango wa jikoni, nusu ndani nusu nje. Sauti kutoka ndani ikamnong'oneza, naye akaipaza kwetu.

"Anasema muache kwanza."

"Anasema nini?" akauliza baba mkwe.

Nekesa akasikiliza tena, akaanza kutetemeka mabega. "Anasema yeye katika maisha yake amekimbizwa na wanaume wawili. Wa kwanza ni wewe, ulipokuja kumchumbia. Anasema wewe ulichoka pale kwenye mtaro ukakaa chini."

Wazee wakatazama vidole vya miguu yao. Liguru akaanza kukohoa ambako hakukuwa kukohoa.

"Anasema huyu kijana amepita viazi, amepigwa na udongo, amefika mtoni, na bado anasema mama, sina ubaya. Na yeye mwenyewe alipoteleza, kijana alimzuia asianguke majini, ingawa ni mjinga. Anasema, mwalimu wa Kimilili na vile viatu vyake, angeingia kwenye matope?"

Baba mkwe alijaribu. Mdomo wake ulishikilia kwa muda mrefu wa kutosha, halafu ukaachia, akacheka mpaka akashika nguzo ya ghala, na hapo boma zima likapasuka, watu wenye majembe wakacheka, Nasimiyu akacheka huku akijifuta macho, hata mimi nikacheka ingawa chokaa ilikuwa imeanza kukauka na uso haukunjiki. Neno la mwisho lililokuwa linachelewa likatoka siku ile ile. Nililetewa masharti, mbuzi wa kuondoa aibu, blanketi nzito ya mama mkwe, na mawe niliyoyapaka niyaoshe mwenyewe mbele ya watu mpaka yarudi rangi yake.

Nikayaosha. Watu walinisindikiza kama ngoma. Nilipofika kwenye lile jiwe la kivukoni, liguru akaniambia, "Hilo liache. Tunataka kulikumbuka." Na lile jiwe la lango, kila niliyemuuliza alisema halijui, maana habari za mawe walikuwa wamezichoka siku hiyo.

Jumamosi Bwana Zamani akaja na gari, akaona doa jeupe mtoni, akaruka nje kabla gari halijasimama. Kijiji kizima kilikuwa kimekuja, baba mkwe akiwa mbele. Bwana Zamani akaniambia nimtafsirie.

"Uliza liguru, hapa zamani ilikuwa nini?"

Liguru akanyoosha koti lake la jeshi, akasema kwa Kibukusu, kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mwambie bwana wako, hapa ndipo mkwe alimkimbiza mama mkwe."

Nikamgeukia mzungu. "Bwana, anasema hapa mtu moja nafukuza mutu mukubwa sana, yeye napanda juu ya jiwe hii."

"Vita!" akasema Bwana Zamani, macho yanang'aa. "Ilikuwa adui?"

Nikamtazama baba mkwe. "Karibu, bwana."

"Nani nashinda?"

Nikamuuliza liguru, na watu wote wakajibu kwa pamoja: "Mama!"

"Yule ya juu ya jiwe, bwana."

"Zamani sana?"

"Zamani kidogo," nikasema. (Ilikuwa Jumatano.)

Akafurahi hata akanipa mkono. Liguru akamwapisha kupitia kwangu kwamba nguzo ni ya kukumbuka tu, haikati shamba la mtu, naye akaapa, na kwa kuwa kivuko si cha mtu yeyote watu wakakubali, wakabeba hata mchanga na maji. Nguzo ikasimama, nyeupe, na kibati kinachosema kwa Kiingereza kwamba mahali hapa mtu shujaa alisimama peke yake mbele ya adui. Adui huyo ni mimi. Bwana Zamani alirudi kwao Ulaya miaka kadhaa baadaye bila kujua, na nguzo yake mnaipita kila siku.

Tulioana kanisani hapo hapo Misikhu baada ya mavuno, viatu vyangu viking'aa kuliko vya mwalimu. Mbuzi nilipeleka, blanketi nilipeleka, watoto wakazaliwa, na miaka yote hiyo mimi na mama mkwe tuliishi kwa heshima yetu, mimi huku, yeye nyuma ya ukuta, maneno yakipita kwa Nekesa au kwa ng'ombe (safari hii nilisikia vizuri kila kitu ng'ombe alichoambiwa). Mpaka ikafika siku ambayo wazee walisema inatosha sasa, mkwe amekuwa mtoto wa nyumbani, heshima ile ifunguliwe. Tukaketishwa sebuleni uso kwa uso, amejifunga ile blanketi yangu ingawa kulikuwa na joto, pengo lake pale pale. Akanipa mkono kwa hiari yake, nikaupokea kwa mikono miwili. Nilidhani atanibariki. Neno la kwanza aliloniambia maishani tangu siku ile ya viazi lilikuwa hili:

"Liko kanisani."

"Nini, mama?"

"Jiwe la lango. Si uliniuliza? Walilibeba walipojenga kanisa, wakaliweka mlangoni. Ulilikanyaga siku ya harusi, ukiingia na ukitoka."

"Mbona hukuniambia siku ile, mama?"

"Nilikuwa nakuambia! Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ni wewe ulianza kunitajia babu yako."

Nasimiyu alicheka akamwaga chai. Mimi niliapa hapo hapo, na kiapo hicho nimekishika mpaka leo. Nikitumwa mahali naanzia kwa liguru, hata kama nyumba yake iko mlima wa saba. Nikikutana na mama mzee njiani nashuka baisikeli, natazama majani, na jina langu silitaji mpaka niwe nimejua lake. Mawe ya zamani siyatafuti tena. Na mgeni akija kuniuliza ile nguzo nyeupe pale kivukoni ni ya vita gani, namwambia mimi sijui, nenda kamuulize mama mkwe. Siku hizi yeye anasema na watu wote uso kwa uso, na hiyo hadithi anaisimulia mpaka chai inapoa.